Mti Una Wenyewe

Ukisimama mlangoni pa nyumba ya marehemu shangazi yangu, pale Tiwi, na kuelekeza macho magharibi, utaviona vilima vya Shimba vimejilaza kama ng'ombe waliokwisha kushiba. Asubuhi huwa na ukungu, jioni hugeuka rangi ya samawati. Tangu utotoni nilivijua kuwa ni makao ya ndovu na ya palahala, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni. Nilijua pia kuwa ni mahali ambapo serikali ilikataza watu kukata miti, kwa maana sehemu kubwa ya vilima hivyo ilifanywa hifadhi mwaka 1968. Sikujua kwamba vichaka vya huko viliwahi kupakiwa kwa tani na kuvukishwa bahari ili kutafutiwa dawa ya saratani. Nililijua jambo hilo nikiwa mtu mzima, na nililijua kwa uchungu.

Shangazi aliugua saratani ya titi. Alikaa na uvimbe kwa miezi mingi akinywa mizizi na kuuficha kwa kanga, na tulipomfikisha hospitalini mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kupata miguu. Daktari aliyemtibu alikuwa mtu mpole. Siku moja alinivuta kando, akanieleza kuwa saratani ya shangazi ni ya namna ile ambayo chembe zake hujaa protini fulani juu ya ngozi zao. Akasema iko sindano mpya iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya namna hiyo, ila haikuwapo hapo hospitalini. Kama tungetaka kuiagiza, tungeuza shamba, kisha nyumba, na bado fedha zisingetosha. Niliporudi kitandani, shangazi aliniuliza, "Amesemaje, mwanangu?" Nikamwambia, "Amesema tuendelee na hizi hizi, shangazi." Alifariki mwaka uliofuata.

Jina la sindano ile nililiandika kwenye karatasi, nami nikaitia karatasi ile katika mfuko wa koti. Baada ya arobaini kupita ndipo nilipoanza kuulizia na kusoma. Nilitaka kujua ni kitu gani hicho kilichokuwa na thamani kubwa kuliko shamba na nyumba ya mtu. Yaliyonijia ndiyo ninayoyaandika hapa.

Kisa chenyewe kinaanzia Marekani. Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo, ikishirikiana na Wizara ya Kilimo, ilianza kukusanya mimea kutoka pembe zote za dunia. Kila mmea ulikaushwa, ukasagwa, ukatolewa maji yake, na maji hayo yakajaribiwa juu ya chembe za saratani na juu ya panya wagonjwa. Kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1982, na sampuli za mimea zilizopimwa zilikaribia 35,000. Nyingi hazikuleta kitu. Chache zilileta makubwa. Mti wa Taxus wa misitu ya magharibi ya Marekani, ambao maganda yake yalichukuliwa mwaka 1962, ndio uliotoa dawa ya paclitaxel inayotumika hata leo katika hospitali zetu.

Miongoni mwa mimea hiyo kilikuwamo kichaka cha jamii ya Maytenus kilichotoka Ethiopia. Mkemia S. Morris Kupchan na wenzake walikifanyia kazi, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba wamepata ndani yake kemikali ngeni waliyoiita maytansine. Ilikuwa na nguvu za ajabu. Ndani ya kila chembe hai mna nyuzi nyembamba ambazo chembe huzitumia inapojigawa kuwa mbili. Maytansine huzizuia nyuzi hizo zisijijenge, na chembe isiyoweza kujigawa hufa. Kwa kuwa saratani si kitu kingine ila chembe zinazojigawa bila adabu, unaweza kuelewa furaha ya wataalamu wale.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na kasoro. Kilo moja ya mmea ule uliokaushwa ilitoa takriban sehemu moja ya tano ya miligramu moja. Hebu tufanye hesabu pamoja, ndugu msomaji. Ili kupata gramu moja tu ya dawa, uzito usiojaza hata kijiko cha chai, ungehitaji tani tano za kichaka kikavu. Wataalamu wakaona lazima watafute ndugu wa mmea ule, aliye na dawa zaidi au anayepatikana kwa wingi. Ndugu huyo, aitwaye Maytenus buchananii, walimpata Kenya, katika vilima vya Shimba.

Hapa kisa kinaingia nyumbani kwetu. Marehemu Profesa Calestous Juma, msomi Mkenya aliyefariki mwaka 2017, alikitaja kisa hiki katika kitabu chake The Gene Hunters cha mwaka 1989. Alieleza kuwa zaidi ya tani 27 za kichaka hicho zilikusanywa Shimba kwa ajili ya majaribio ya Wamarekani, na kwamba Wadigo waishio kandokando ya vilima hivyo walikuwa wakikitumia kwa miaka mingi kutibu maradhi yanayofanana na saratani. Imeandikwa pia kwamba miaka michache baadaye, mmea ulipohitajika tena, wakusanyaji walipata taabu, kwa sababu vichaka vilivyokatwa havikuwa vimechipuka vya kutosha.

Nataka niwe mwadilifu katika jambo hili, maana hasira ni mwandishi mbaya. Si kweli kwamba Wamarekani waliikuta dawa ikichemka katika chungu cha mganga wa Kwale, wakaiiba. Njia yao ilianzia Ethiopia na kupitia maabara, na walikuja Shimba wakifuata ukoo wa mmea. Lakini ni kweli vilevile kwamba walichokichukua kilikuwa katika ardhi ambayo wenyeji wake walikuwa na elimu yao kuihusu, na elimu hiyo haikuulizwa wala haikulipwa. Wakati huo hapakuwa na mkataba wowote wa dunia uliowalazimisha kuuliza. Mimea ya porini ilihesabiwa kuwa mali ya kila mtu, maana yake ni mali ya yule mwenye ndege na maabara.

Dawa ikapatikana, ikatiwa wagonjwa katika majaribio ya miaka ya 1970, na ikashindwa. Maytansine haikutofautisha chembe mbaya na njema. Wagonjwa walitapika, wakaharisha, wakapungukiwa na nguvu za mishipa, na saratani zao kwa sehemu kubwa hazikurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando. Vichaka vya Shimba vikawa vimekatwa, nasi tungeweza kusema kwamba vilikatwa bure.

Nasema haya pia kwa ajili ya wale watakaosoma insha hii na kukimbilia msituni na panga. Kama kemikali ile iliyosafishwa ilishindwa mikononi mwa madaktari wakubwa, mizizi iliyochemshwa haitakuwa na miujiza. Shangazi alipoteza miezi mingi kwa mizizi. Sitaki mtu mwingine aipoteze kwa sababu yangu.

Wakati dawa ikisahauliwa, swali moja lilibaki likiwasumbua wakemia. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda ya Japani walikuwa wametangaza kugundua kemikali zilizofanana mno na maytansine, wakaziita ansamitocin. Hawakuzitoa katika mti. Walizitoa kwa bakteria mdogo aliyepatikana juu ya nyasi za jamii ya ndago. Bakteria huyo leo huitwa Actinosynnema pretiosum. Mtu akikuta mapishi ya pilau yenye viungo vilevile na harufu ileile katika nyumba mbili zilizo mbalimbali, hawezi kuacha kujiuliza kama mpishi si mmoja. Kichaka cha Afrika na kijidudu cha nyasi wangewezaje kutengeneza kitu kile kile? Kemikali za namna hiyo zilijulikana kuwa kazi ya bakteria. Je, yamkini hata katika kichaka si kichaka kilichokuwa kikipika?

Dalili nyingine ilifuata. Mwaka 2003 watafiti nchini Ujerumani waliandika kwamba walipopima mimea ya jamii ya Maytenus na ya jirani yake, Putterlickia, mmoja mmoja, walikuta baadhi ina maytansine na mingine haina hata chembe. Mwembe huzaa embe, awe Tanga awe Lamu. Mmea ambao leo una dawa na kesho ndugu yake hana, huenda dawa si yake.

Kisha mwaka 2014 jibu likaja, nalo pia kutoka Ujerumani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dortmund waliichunguza mizizi ya Putterlickia, vichaka vya Afrika Kusini, wakaona kwamba maytansine hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi ile. Mmea ni mwenye nyumba. Mpishi ni mpangaji.

Sasa lazima nieleze kidogo habari za wapangaji hawa, maana wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Tulifundishwa kuwa mti ni mzizi, shina na jani. Kumbe ndani ya kila mti, katikati ya chembe zake, mnaishi kuvu na bakteria wasiohesabika, wasioudhuru, na mara nyingi huulinda dhidi ya wadudu na maradhi. Mti huwapa chakula na makao, nao hulipa kodi kwa sumu wanazozitengeneza. Mwaka 1993 Andrea Stierle, Gary Strobel na Donald Stierle walitangaza kuwa katika ule mti wa Taxus wa Marekani wamepata kuvu anayetengeneza paclitaxel mwenyewe, wakampa jina la Taxomyces andreanae. Dunia ikashangilia. Watu wakaona kwamba misitu haitakatwa tena, dawa itafugwa katika mapipa kama tembo ichachavyo.

Shangwe hiyo ilikuwa ya mapema. Kuvu yule alitoa kiasi kidogo mno, cha kupimwa kwa sehemu za bilioni za gramu katika lita nzima, na mwaka 2013 kundi jingine la watafiti lilipochunguza vinasaba vyake halikuziona zile zana ambazo mti wenyewe huzitumia kuitengeneza dawa. Ubishi haujesha. Paclitaxel iliokolewa kwa njia nyingine, yaani kwa kuchuma majani ya ndugu yake wa Ulaya na kuyakamilisha maabarani, na kwa kukuza chembe za mti katika matangi. Basi si kila mti mpishi wake ni mpangaji. Kuna miti inayojipikia. Lakini kwa maytansine ushahidi una nguvu, na elimu hii mpya inageuza maana ya kile kilichotendeka Shimba.

Kwani fikiria. Tani 27 za kichaka zilikatwa na kusagwa ili kupata kemikali ambayo yaelekea kichaka hakikuitengeneza. Ni sawa na mtu anayebomoa nyumba nzima na kupeleka mawe yake sokoni kwa sababu mmoja wa wapangaji alikuwa fundi wa dhahabu. Siwalaumu kwa kutojua. Lakini najiuliza ni vingapi vilivyomo katika misitu yetu ambavyo tumekwisha kuvibomoa kwa namna hiyo, si kwa ajili ya dawa tu, bali kwa makaa, kwa mbao na kwa viwanja. Na katika hilo hatuwezi kuwasingizia wageni. Panga ni letu.

Nirudi kwenye karatasi ya mfukoni mwangu. Wanasayansi hawakuisahau maytansine moja kwa moja. Walijua kuwa kosa lake ni kukosa macho, basi wakatafuta namna ya kuipa macho. Waliitengeneza upya kidogo, wakaifunga kwa kingamwili, yaani askari wa damu anayekwenda kushika protini moja tu na kuziacha nyingine. Askari huyo huzitafuta chembe za saratani zilizojaa protini ile, huzishika, humezwa nazo, na akiwa ndani ndipo mzigo hufunguka. Sumu iliyomtapisha kila mtu sasa hufikishwa kwa anayestahili zaidi, ingawa madhara hayakwisha kabisa. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo kwa saratani ya titi. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa wagonjwa walioipata waliishi kwa wastani wa miezi 30.9, na waliopewa dawa za zamani miezi 25.1. Mwaka 2022 ikaidhinishwa nyingine, ya saratani ya ovari, inayobeba sumu ya ukoo huohuo. Wala hakuna kichaka kinachokatwa kwa ajili yake: malighafi hutoka kwa yule bakteria wa nyasi, akifugwa katika matangi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sindano ya shangazi. Miezi sita hivi, kwa wastani. Mtu anaweza kusema miezi sita si kitu. Mimi nasema ni Ramadhani moja zaidi, na harusi moja ya mjukuu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Niliyoyasoma yalinifundisha kuwa hata kikuponyacho chaweza kuwa nguoni, au mlimani unaouona kila asubuhi ukifungua mlango, nawe usikijue, na ukikijua usikimudu.

Je, Kwale inadai kitu? Nimemuuliza rafiki yangu mwanasheria, akatabasamu. Akaniambia kwamba Mkataba wa Bayoanuwai, uliozipa nchi haki juu ya mimea yao, ulitiwa saini mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya juu ya kugawana faida ilipitishwa mwaka 2010, na kwamba Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Vichaka vya Shimba vilikatwa kabla ya yote hayo. Isitoshe, bakteria anayefugwa leo hakutoka Shimba. "Kwa sheria," akasema, "huna kesi."

Nakubali kwamba sina kesi. Lakini deni na kesi si kitu kimoja. Dawa hii ilifika kwa wagonjwa wake wa kwanza kwa vichaka vya Shimba. Hao waliotapika na kudhoofika ndio waliowafundisha madaktari nguvu na hatari ya sumu hii, na bila somo hilo asingekuwapo mtu wa kufikiri kuipa macho. Deni la namna hiyo halilipwi kwa hundi. Lingelipwa, kwa maoni yangu, kwa kuhakikisha kuwa mwanamke wa Tiwi haoni dawa hiyo kama mwezi, kitu cha kutazamwa tu.

Sehemu nyingine ya deni ni yetu wenyewe. Muda mfupi baada ya mazishi nilikwenda kumsalimu mzee mmoja wa upande wa Kwale, mtu wa dawa, aliyekuwa akimjua baba yangu. Nilimshika mkono, nikamwamkia, na baada ya kahawa nikamuuliza habari za miti. Aliniambia kuwa yeye hachimbi mzizi bila kuacha sarafu shinani, wala hachimbi pande zote, bali upande mmoja, kisha hufukia. Nikamuuliza sarafu ni ya nini na mti hauna mfuko. Akacheka. "Mwanangu," akasema, "mti una wenyewe. Wewe waona mti; wenyewe huwaoni. Ukichukua bila kuwaaga, utabeba kuni."

Sisemi kuwa mzee yule alijua habari za bakteria. Wenyewe aliowakusudia ni wengine, na imani yake ni ya kwake. Ila nilipokuja kusoma juu ya mizizi ya Putterlickia, nilikumbuka neno lile la mwisho. Tani 27 za Shimba zilichukuliwa na watu waliouona mti tu. Na mzee yule, kwa kuacha upande mmoja wa mzizi ardhini na kuufukia, aliacha pia udongo na kila kilichomo, pamoja na wapishi wasioonekana. Mafundisho yake hayakuandikwa mahali popote. Mimi niliyesoma hadi chuo kikuu nilikuwa sijawahi kumuuliza, wala sikumuuliza shangazi ni mizizi gani aliyokuwa akinywa na mama yake alimwambia nini juu yake. Niliona aibu kuiuliza. Sasa naona aibu kwamba sikuiuliza.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakijadili kuhifadhi mmea fulani adimu, kwa kuupanda mbegu zake katika bustani ya mji mkuu, naona wamefika nusu ya njia. Mmea unaweza kuota vizuri bustanini na kutoa maua, na bado ukawa nyumba tupu. Kinachotakiwa kulindwa ni kilima chote na udongo wake, mvua yake, ndovu wake na vijidudu vyake, kwa sababu hatujui katika hao wote ni nani aliye fundi. Huo ni unyenyekevu ambao sayansi ya miaka hamsini imetufundisha kwa gharama kubwa, na ambao mzee wa Kwale aliulipia kwa sarafu moja.

Nyumba ya shangazi sasa anakaa binti yake. Nikienda huko hukaa barazani jioni na kutazama magharibi, vilima vikigeuka samawati. Karatasi ile ningali nayo. Maandishi yake yamefifia, lakini jina bado linasomeka.